Akiba ya Vicheko

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, hukukosa kikubwa. Nilijisifu safu mbili, nikaumbuka mistari mitatu. Wiki hii ni kuumbuka mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo kaa vizuri.

Aliyechelewa nimpe haraka haraka. Mimi ni msusi. Nilipanga chumba kimoja cha kazi na rafiki yangu mshonaji, ambaye kila mtu anamwita Fundi, hata marehemu mama yake alimwita hivyo. Upande wa dirisha ulikuwa wa nywele zangu, upande wa mlango ulikuwa wa cherehani yake. Tulikaa hivyo miaka sita, hatujulikani na mtu, tumetulia.

Kisha siku moja nikarekodi klipu ya sekunde arobaini. Fundi kainama, kafunika uso, anacheka hadi pini zinamtoka mdomoni, na mimi nyuma ya simu navunjika mbavu. Ikaangaliwa na watu milioni mbili.

Ndipo ikazaliwa akaunti yetu ya urafiki, Chanda na Pete. Hatukugombania nani chanda na nani pete. Meneja, bwana aliyejitokeza kutusimamia, aliamua kwamba pete ni mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayeng'aa kwenye taa. Fundi akawa chanda, kwa sababu chanda hakina makuu.

Miaka mitatu baadaye tulikuwa na wafuasi wengi kuliko wakazi wa mji tunaoishi, na cherehani ilikuwa imehamishiwa stoo kwa kuwa inapiga kelele na inachafua picha. Mahali pake tukaweka ua la plastiki. Fundi alishonea stoo, kati ya ndoo na mifagio, akiitwa pale tu anapohitajika kucheka. Siku yake ya kuzaliwa tulimfanyia keki ya boksi lililopakwa krimu, maana keki ya kweli inalegea kwenye taa. Alizima mishumaa mara nne. Aliponiuliza kama tutapata chochote cha kula, nilicheka nikidhani anatania.

Wiki iliyopita niliishia pale aliponishika mkono akanipa habari ya uvimbe wa shingoni mwake. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiufunika kwa vitambaa vya rangi usionekane kwenye klipu. Sasa daktari ameamua kwamba lazima ukatwe. Fundi hana mama, hana mume, hana ndugu wa karibu. Kwenye fomu ya hospitali, palipoandikwa mtu wa kuulizwa, aliniandika mimi. Akaniomba kitu kimoja: kabla ya siku hiyo, mchana mmoja tu, mimi na yeye, bila simu.

"Nina jambo la kukuambia wewe," alisema. "Siyo watu. Wewe."

Nikamwahidi, tena kwa kiapo. Sasa sikiliza nilivyokitimiza.

*

Kesho yake asubuhi Meneja alikuja saluni. Huyu bwana alikuwa akiuza magodoro kabla hajagundua kwamba hata urafiki una wateja, na anaukagua vilevile alivyokagua magodoro: anaubonyeza kidogo kuona kama utarudi. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo kwanza, kisha akanitazama mimi.

Nilimweleza habari za Fundi. Nilimweleza kwa huzuni ya kweli, na hapo naomba uniamini, maana si mahali pengi katika kisa hiki nitakapothubutu kuomba hivyo. Akainamisha kichwa. Nikadhani ameguswa.

"Sauti itabaki?" akauliza.

Nikasema daktari hana uhakika, uvimbe umekaa karibu na mshipa wa sauti.

"Basi tuna tatizo," akasema, na katika hiyo "tuna" Fundi hakuwemo.

Akanieleza kwamba kampuni ya mafuta ya nywele imeshakubali klipu kumi na mbili, moja kila mwezi, na kila moja lazima iishe kwa kicheko cha Fundi. Kicheko ndicho walichokitaka. Mimi walinichukua kama kifuniko cha chupa.

Nikasema tutumie vya zamani, tunavyo vya kujaza gunia. Akanicheka. Wafuasi wanavijua vyote, alisema, na wakisikia kicheko cha mwaka juzi kwenye klipu ya mwaka huu, wataandika, na komenti moja mbaya huzaa mia. Na kweli wanavijua. Yuko mtu, sijui anafanya kazi gani hapa duniani, aliyevipa vicheko vya Fundi namba. Watu wazima wenye watoto wanabishana kipi bora, cha saba au cha kumi na tisa. Katika wote hao, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kwa nini mwanamke huyu amefunga kitambaa shingoni na jua linawaka.

Nawadharau, nisifiche. Na kila asubuhi nilisoma komenti zao kabla sijanawa uso.

"Tuweke akiba," Meneja akasema.

"Akiba ya nini?"

"Ya vicheko. Vipya, kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Viwe vya kweli, maana siku hizi akiigiza inaonekana."

Nikamwambia Fundi hatakubali kamera, na nimeshamwahidi.

"Nani kasema tumwambie?"

Ningeweza kumtimua. Mlango ulikuwa wazi na ufagio ulikuwa karibu. Badala yake nikamuuliza simu tutaificha wapi.

Kwenye rafu nina kichwa cha plastiki cha kuvalisha mawigi, kimekwanguka rangi puani na ndani ni kitupu. Meneja akakitoboa jicho la kushoto kwa mkasi wangu, akasokomeza ndani simu ya kazi, ile ya kurekodia klipu, tukakivalisha wigi jeusi lenye nywele za kufunika paji. Kikakaa pale kinatutazama kwa jicho moja, na nadhani kilikuwa na haya kutushinda sote wawili.

*

Fundi alikuja saa nane mchana. Hakuwa na poda wala kitambaa shingoni. Nilikuwa sijautazama vizuri ule uvimbe kwa miezi, na ulikuwa umekua kuliko nilivyodhani, ukipanda na kushuka kila alipomeza mate. Wazo langu la kwanza, nakuandikia ili ujue unasoma habari za mtu wa namna gani, lilikuwa kwamba utaonekana kwenye picha.

Nikaitoa simu yangu mkobani, nikaizima mbele yake, nikaitia kwenye droo ya vitana na kuifunga. Nilifanya hivyo kwa madoido. Fundi akanishukuru, tena kutoka moyoni, na mimi nikasema si kitu.

Akaenda moja kwa moja stoo, akaiburuta cherehani mpaka mahali pake pa zamani. Ua la plastiki akalitoa barazani. Akaketi, akachukua gauni la mteja lililobaki pindo, akasema akiwa na kitu mkononi ataongea vizuri zaidi.

Tukapiga soga. Mwanzoni nilikuwa kazini hasa. Nilijua jicho la kile kichwa linaangalia wapi, nikamwomba asogeze kiti, eti upepo wa dirisha umpate. Kisha nikaanza kumchokoza acheke. Nikamsimulia yule mama aliyesinzia chini ya kikaushio, akazinduka amechelewa harusi ya binti yake, akatoka mbio na rola kichwani na taulo langu begani, na mpaka leo ndivyo alivyo kwenye picha zote za harusi. Fundi akacheka. Nikamsimulia yule mwalimu niliyemfunika mvi kwa rangi ya haraka, mvua ikamkuta njiani, akaingia darasani na masikio meusi tii. Akacheka tena, mkono tumboni.

Nilikuwa nahesabu. Cha kwanza, cha pili. Cha tatu kilikuwa kifupi, nikasita kukihesabu, kisha nikakihesabu. Urafiki wa miaka tisa, na mimi nimekaa nauhesabu kama vifungo.

Ubaya ni kwamba nilikuwa nafurahi kweli. Kufikia cha tano nilikuwa nimekisahau kichwa, nimemsahau Meneja, nacheka na rafiki yangu kama zamani, mlango wazi na vipande vya uzi vimetapakaa sakafuni. Niligundua nilivyokuwa nimemkosa, na siku zote hizo alikuwa stoo, hatua sita kutoka kiti changu. Nilitamani mchana ule usiishe.

Baada ya cha sita akaacha kushona.

"Unaikumbuka klipu ya kwanza?" akaniuliza.

Nikasema nani asiyeikumbuka.

"Sikuwa nacheka."

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, macho kwenye pindo. Asubuhi ya siku ile, mimi sijafika, mchumba wake alipita saluni kuchukua suti ya harusi. Alimshonea mwenyewe, na harusi yao ilikuwa imebaki wiki tatu. Bwana akaivaa mbele ya kioo changu, akasema suruali imemzidi urefu, ampandishie kidogo. Fundi akapiga magoti, pini mdomoni, akampandishia, akashona. Alipomaliza, bwana akamwambia kwamba suti ataivaa Jumamosi hiyo hiyo, ila bibi harusi ni mwingine. Akamsifu kwa kazi nzuri, akaondoka nayo. Mimi niliambiwa baadaye kwamba harusi haipo tena, na kwa kuwa nilikuwa nahesabu watazamaji, sikuuliza kwa nini.

"Ukaja wewe," Fundi akasema. "Pini bado ninazo mdomoni. Ukaanza kunisimulia wigi la mteja lililonaswa na feni. Nikainama, nikafunika uso, nikalia. Wewe ukatoa simu. Nikajiambia, nikiinua uso ataona. Nikainua. Ukasema, usiache, usiache, inatoka vizuri."

Nilikosa pa kuuweka uso. Ile klipu ndiyo iliyotuzaa. Kuna watu wanawatumia marafiki zao klipu hiyo kila siku ya kuzaliwa. Kicheko namba moja kilikuwa kilio, na katika watu milioni mbili walioangalia, aliyekuwa karibu kuliko wote nilikuwa mimi, na sikuona.

Machozi yalinitoka. Fundi akavuta pumzi, akaweka gauni pembeni, akanitazama.

"Hayo yamepita. Nililokuitia ni hili la keshokutwa. Daktari ameniuliza swali, na jibu nataka nikupe wewe ulishike. Ikitokea wakatoka kukuuliza, waambie kwamba..."

Lori la maji likapita nje linapiga honi, vioo vikatetemeka, na maneno yake yakamezwa yote. Likaenda zake. Yeye alikuwa ananisubiri, na mdomo wangu, kwa mazoea ya miaka mitatu, ukafanya kazi yake.

"Rudia," nikasema. "Anzia pale kwa daktari. Na geukia dirishani kidogo."

*

Kwa watu wengine lingekuwa neno la kawaida. Sisi wawili hatusemi hivyo. Tusiposikiana tunaulizana "eti?" kama binadamu wote. Rudia ni neno la kamera. Nimemwambia akiingia mlangoni, akinikumbatia, akiniombea heri: rudia, taa ilikuwa nyuma yako, rudia, umecheka kwa mdomo tu, macho yamelala. Hakuwahi kulisikia mahali pasipo na simu.

Fundi alisimama akaanza kutafuta. Alifungua droo, akaikuta simu yangu imezimwa kama nilivyoizima. Akatazama juu ya kioo, nyuma ya pazia, ndani ya kikaushio. Mimi nimekaa, jasho jembamba linanitoka, najifanya hamnazo. Kisha akageukia rafu, akakutana na lile jicho.

Akakivua kichwa wigi kwa adabu, kama anamvua mteja. Akaitoa simu. Ilikuwa bado inarekodi.

Nikaanza kujitetea. Nikamtaja Meneja. Nikataja mkataba. Nikasema ni kwa faida yetu sote. Kila neno lilipotoka niliona ni bora ningenyamaza, na bado nikaongeza jingine.

"Toka nje," akasema. Hakuwa hata na hasira.

"Fundi, ndugu yangu..."

"Nipishe. Si unataka nirudie? Nitarudia. Lakini wewe toka."

Nikatoka, nikasimama barazani na ua la plastiki. Mlango ukafungwa. Kwa dakika kama kumi nilisikia sauti yake ikipanda na kushuka, maneno siyashiki. Wasichana wawili walipita wakaniita Pete. Nikawapungia mkono.

Alipotoka macho yake yalikuwa makavu. Akanikabidhi simu.

"Nimemaliza," akasema. "Sikiliza wewe mwenyewe. Siyo mtu mwingine."

Akashika njia yake. Cherehani akaiacha palepale kwenye nafasi yake ya zamani.

*

Hapa ndipo unaponichukia, na hutakuwa umekosea.

Sikusikiliza. Niliiweka simu mezani nikakaa mbali nayo. Nilijua kilichomo, au nilijiambia najua: dakika kumi za matusi niliyostahili. Matusi ya watu nisiowajua nayasoma kila siku bila kupepesa macho. Ya Fundi niliyaogopa. Nikasema nitasikiliza nikimaliza kufagia. Nikafagia. Nikasema baada ya mteja wa saa kumi. Mteja akaja, akasukwa, akasifu nywele zake, akaenda.

Saa kumi na moja na nusu Meneja akafika kuchukua akiba yake. Ningeweza kumdanganya kwamba simu ilizima. Lakini nikapata wazo, na wazo hili ni langu peke yangu, sikufundishwa na mtu. Akiichukua yeye, atakata vicheko na mengine atayatupa, na yale matusi sitayasikia kamwe. Hakuna atakayesema niliyakimbia. Yatakuwa hayapo tu.

Nikampa simu.

"Mwishoni kuna maneno," nikamwambia. "Hayana kazi."

"Maneno hayajawahi kuwa na kazi," akasema, akaitia simu mfukoni.

Siku iliyofuata nilipita nyumbani kwa Fundi. Jirani yake akaniambia ametoka, na niliona kandambili zake mlangoni. Nikarudi saluni nikaandika ujumbe wa kumwomba radhi. Nikausoma, nikaona sentensi ya pili imepwaya, nikairekebisha. Nikaweka aya. Nikatoa neno "samahani" pale mwanzo nikalipeleka mwisho, likae kwa uzito. Nilipomaliza ulikuwa ujumbe mzuri sana, na hapo nikajijua: nilikuwa nimeandika posti. Nikaufuta, sikuandika mwingine.

*

Siku ya upasuaji nilifika hospitali saa mbili asubuhi. Fundi alikuwa ameshaingizwa ndani. Nikamuuliza nesi kama mgonjwa amebadilisha jina kwenye fomu. Akafunua faili, akasoma jina langu, akaniuliza kama ndiye mimi. Nikasema ndiye. Moyo ukatulia papo hapo, nikaona nimeshasamehewa. Mimi hujisamehe haraka sana.

Nikakaa kwenye benchi ukumbini, chini ya bango la kunawa mikono. Mama mmoja aliyeshika kadi za kliniki alinikodolea macho, kisha akasogea. Yeye na wifi yake, alisema, hawakosi hata klipu moja. Walinuniana miaka miwili, wakapatanishwa na kicheko cha saba. Akauliza yule mwenzangu yuko wapi. Nikasema yupo, hajambo. Akaomba picha.

Hapo mtu yeyote mwenye akili angesema hapana. Rafiki yangu alikuwa nyuma ya mlango ule, amelazwa, shingo imefunguliwa. Mimi nikatabasamu, meno ya juu tu, kidevu chini, kama nilivyofundishwa. Mama akaitazama picha, akasema kivuli kimenila jicho, kama sitajali turudie kidogo.

Tukarudia.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka daktari, mama wa makamo, barakoa ameishusha kidevuni, akaniita kwa jina lililo kwenye fomu.

Hakuzunguka. Alisema vipimo viliwaonyesha uvimbe umejitenga, hivyo walitegemea hawatahitaji kumuuliza mtu. Sasa wameukuta umeshika mshipa wa sauti. Wakiutoa wote, kuna uwezekano mkubwa sauti isirudi, abaki na mnong'ono maisha yake yote. Wakiacha kipande, sauti itabaki, ila kipande hicho kinaweza kukua tena, na pengine vibaya zaidi. Mgonjwa yuko usingizini, hawezi kuulizwa, na hawawezi kumwacha hivyo kwa muda mrefu.

"Nilimuuliza wiki iliyopita achague," daktari akasema. "Leo asubuhi kabla ya sindano nikamuuliza tena. Akasema ameshaamua, na jibu amekuachia wewe kwenye simu. Alisema kulisema mara moja kumemtosha."

Zile dakika kumi hazikuwa matusi. Alikuwa amegundua nilichomfanyia, na bado alikaa mbele ya simu ile ile akanikabidhi maisha yake, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumkabidhi.

Nikamwomba daktari dakika mbili. Akatazama saa ya ukutani, akasema moja. Nikampigia Meneja. Akapokea kwa furaha, akaniambia kazi imetoka safi, vicheko sita, na kimoja kitavunja rekodi.

"Yale maneno ya mwisho," nikamwambia. "Nitumie sasa hivi."

"Nilifuta. Simu ilijaa."

"Hukuyasikiliza?"

"Nilisikiliza kidogo, nikitafuta kicheko."

"Alisema nini?"

Akafikiri. Nimpe haki yake, alijaribu kufikiri.

"Kitu kuhusu koo. Wasitoe, au watoe, kitu kama hicho. Sikumbuki, dada. Hakucheka."

Nikakata simu. Daktari alikuwa ameshapandisha barakoa, bega kwenye mlango.

"Dada, nasubiri. Tutoe wote au tuache kipande? Mwenyewe alitaka nini?"

Miaka tisa. Najua namba ya kiatu chake. Najua anavyokunywa chai. Najua pembe inayompendeza akiinama, na taa iwekwe wapi asionekane amechoka. Nikatafuta kichwani mwangu anachokitaka Fundi, nikaambulia patupu.

Nikamtazama daktari machoni, nikamjibu kama mtu anayejua.